Vyungu Visivyopasuka

Mwanamke mmoja mfinyanzi alikuwa na binti, na binti huyo alikuwa amesoma mpaka majirani wakachoka kuuliza anamaliza lini. Mfinyanzi aliitwa Atuganile. Alijulikana katika masoko matatu kwa sababu moja: vyungu vyake havipasuki. Waliosema hivyo hawakuwa waongo, maana walisema walichokiona. Vyungu vyake vilipasuka kama vya wenzake, ila hakuna aliyewahi kuona kilichopasuka. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, lakini Atuganile hakulia gaeni, wala hakuacha gae lionekane uani kwake. Kila alipochoma, alitoa vizima kwanza akavipanga mbele ya nyumba. Vilivyopasuka alivifukia shimoni nyuma ya migomba kabla majivu hayajapoa. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake pia. Mnunuzi akiona gae, walisema, hununua kwa jirani.

Binti yake, Tusajigwe, alikuwa akisomea udaktari wa fizikia, ule udaktari usiotibu mtu. Likizo moja alikuwa jikoni akimenya ndizi, na mama yake akamwuliza kimebaki nini. Tusajigwe alieleza huku akimenya. Masomo ya darasani yalikuwa yamekwisha. Mtihani wa kufuzu, ule wa kuonyesha kwamba fizikia yote ya nyuma anaijua, aliushinda mara ya pili baada ya kuanguka ya kwanza. Sasa ilibaki atafute jambo moja ambalo hakuna mtu duniani aliyewahi kulijua, alichapishe kwenye jarida, aliandikie tasnifu, halafu aitetee tasnifu hiyo mbele ya maprofesa.

"Uitetee?" mama akauliza. "Kwani imeiba nini?"

"Haijaiba, mama. Ila wao wanataka wahakikishe."

Walicheka sana siku hiyo. Kisha Tusajigwe akatoa ombi lake. Alitaka kujua kwa nini udongo hupasuka motoni: joto linapitaje ndani ya ukuta wa chungu, na ni mchanga kiasi gani unaoupa udongo nguvu ya kulihimili. Vipimo alikuwa navyo, na hesabu alikuwa nazo. Alichokosa ni mikono. Akamwomba mama amfinyangie vyungu mia mbili na arobaini vya umbo moja, kwa michanganyiko kumi na miwili ya mchanga aliyoipima yeye mwenyewe, kila chungu kikiwa na namba yake. Avichome kama anavyochoma siku zote, kisha amtumie chuoni. Yeye asingeweza kukaa kijijini, kwa sababu alikuwa akifundisha maabara ya mwaka wa kwanza, na chuo hakikumruhusu kuiacha. "Nitumie vyote, mama," alisema. "Hata kimoja kisipungue."

Hapo ndipo walipopotezana, na hakuna aliyejua. Kwa mfinyanzi, kilichopasuka si chungu tena. Ni gae. Binti hakuomba magae, aliomba vyungu, tena akakataza visipungue.

Kwa hiyo Atuganile alifanya kazi kwa miaka miwili, masika na kiangazi. Michanganyiko mingine ilikuwa mizuri. Mingine ilikuwa mibaya kiasi kwamba aliijua kwa vidole kabla haijafika motoni, na motoni ililia kama bisi. Vyungu hivyo alivifukia. Akafinyanga tena kwa mchanganyiko uleule, vikapasuka tena, akavifukia tena. Mara ya tatu alichukua udongo wake mwenyewe, ule wa siku zote, akafinyanga kwa huo na kuchora namba ileile. Alisita mara moja tu, alipokuwa akichora namba mia na kumi na nane. Alifikiri kumpigia binti simu amwulize. Halafu akamfikiria mtoto wake akifungua sanduku mbele ya wasomi na kutoa kipande kilichovunjika kilichotoka mikononi mwa mama yake, akaona aibu kwa niaba yao wote wawili. Akaendelea kuchora. Mgongo ulimuuma miaka ile miwili kuliko alipokuwa mjamzito, na hakumwambia mtu, kwa kuwa aliamini kwamba mapenzi ni kazi inayofanywa bila kelele.

Vyungu vilifika chuoni mia mbili na arobaini, vizima. Tusajigwe alivipima kwa mwaka mzima. Baadhi vilitoa namba za ajabu, na yeye akaandika kwamba ni kosa la vifaa. Yote mengine yalimpeleka kwenye jibu moja zuri: ukichoma polepole kwa nyasi, kama mama yake, kiasi cha mchanga hakina maana. Msimamizi wake alifurahi. Jarida likachapisha makala. Chuo kilikuwa kimeshamwongezea muda mara moja, na kanuni hazikuruhusu mara ya pili, lakini sasa haikuwa na neno. Alikuwa amebakiza miezi miwili, na kilichobaki ni kutetea tu.

Siku ya utetezi Atuganile alikaa kiti cha nyuma, kitenge chake kikiwa bado na mikunjo ya dukani. Walizungumza Kiingereza. Hakuelewa kitu, ila jina lake lilipotajwa watu waligeuka wakamtazama, naye akainamisha kichwa. Aliona binti yake anajibu bila kukwama. Aliona maprofesa wanatikisa vichwa kwa kukubali. Kisha mtahini aliyetoka chuo kingine, mama wa makamo mwenye miwani, akafunua kurasa nyuma na mbele kwa muda mrefu, akauliza jambo kwa sauti ya chini, halafu akageuza kiti chake kuelekea nyuma ya chumba.

"Mama, hongera kwa kazi," alisema kwa Kiswahili. "Bibi yangu naye alikuwa mfinyanzi. Naomba uniambie jambo moja tu. Vilivyopasuka viko wapi?"

Atuganile alisikia swali hilo kwa sikio la sokoni. Miaka arobaini wanunuzi walimwuliza hivyohivyo, wakigonga chungu kwa kidole, na miaka arobaini alikuwa na jibu moja. Lilitoka lenyewe.

"Vyangu havipasuki."

Chumba kizima kilicheka kwa furaha. Mtu mmoja alipiga makofi. Mtahini naye alitabasamu, akachukua kalamu yake. Tusajigwe peke yake hakucheka. Alikuwa amekulia nyumba ile. Shimo la nyuma ya migomba alilijua tangu utotoni, na hakuwahi kulifikiria, kama mtu asivyofikiria choo cha kwao. Sasa alilifikiria. Angeweza kunyamaza. Kalamu ilikuwa tayari juu ya karatasi, na mbele yake lilikuwa jina la udaktari aliloliendea miaka minane.

"Mama," alisema, "ulivifukia?"

"Lakini nilikuletea vyote, mwanangu," Atuganile akajibu, na bado hakujua anasema nini. "Havikupungua. Kila kilichokufa nilikufinyangia kingine."

Tusajigwe akageuka kwa maprofesa, akawaambia kwa Kiingereza. Atuganile hakuelewa maneno. Alichoelewa ni kalamu, maana aliiona ikiwekwa chini.

Wiki iliyofuata mama na binti walilichimba lile shimo. Magae yalikuwepo. Yalikuwa mengi kuliko walivyoweza kuyabeba: ya Atuganile, ya mama yake, ya bibi yake, yameshikana na majivu na mizizi ya migomba. Walipata namba nusunusu. Moja na kitu. Kitu na nane. Walikaa siku tatu wakijaribu kuyaunganisha, na siku ya tatu Tusajigwe akanawa mikono. Jambo ambalo hakuna mtu duniani aliyewahi kulijua, lile alilotumwa kulitafuta, lilikuwa limezikwa hatua ishirini kutoka kitandani alikozaliwa. Ni mchanganyiko upi unapasuka, mara ngapi, na katika moto wa namna gani: moto ulikuwa umelijibu swali lote, na jibu likafukiwa kwa upendo, chungu baada ya chungu. Miezi miwili haikutosha kuuliza upya. Tusajigwe aliliandikia jarida barua ya kuiondoa makala yake. Chuo nacho kikafunga jalada lake. Sasa anafundisha fizikia kidato cha pili katika wilaya nyingine, na wanasema ni mwalimu mzuri. Nyumbani huja mara moja kwa mwaka. Hagombi. Humwamkia mama yake, hula, husaidia kuosha vyombo, na Atuganile angependa sana siku moja agombe.

Ninyi basi, mliokwisha kulea na mnaolea bado, ambao watoto wenu hawajawahi kuona hata kimoja kati ya vilivyowapasukia: mnapowakabidhi vyungu vizima tu, mnataka wajifunze nini juu ya moto?