Zimwi Lililovaa Ngozi ya Mawingu

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama mbuzi walioshinda njaa. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa naona mko macho. Sogeeni, ila asiguse mtu kuni zangu. Leo kuni zina maana, mtaona wenyewe.

Hapo kale, juu mlimani, pale mashamba yanapokwisha na msitu kuanza, aliishi mwanamke jina lake Nakijwa. Alikuwa na binti mmoja, Mbonea, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Mumewe alikuwa ameteremka tambarare kutafuta magadi ya mifugo. Nyumbani Nakijwa alibaki na mama mkwe wake, Bi Nangasu, bibi mwenye ulimi mkali kuliko kisu cha kuchinjia.

Mifugo yao haikuwa mingi. Ng'ombe mmoja mkaidi, mbuzi wachache, na kondoo. Kule kuna baridi, kwa hiyo kondoo walilala ndani ya nyumba pamoja na watu: huku mafiga, huku kitanda, na kule nyuma ya uzio wa fito, kondoo. Mbonea alipenda kusinzia ameegemea jike mmoja mnene, mwenye mkia wa mafuta, aliyeitwa Mawingu.

Na mlango wa nyumba ile ulikuwa na kago, dawa ya kinga. Kiumbe asiyeitwa hakuweza kuuvuka. Kwa hiyo kila jioni Nakijwa alisimama kizingitini akawaita kondoo wake, na Mawingu alikuwa na wimbo wake peke yake:

*Mawingu, Mawingu, njoo nyumbani,*
*mvua yanyesha, njoo motoni.*

Basi siku moja Mawingu akazaa, na mwanawe akatoka amekufa. Siku hizo hizo jike mwingine alikuwa amekufa na kuacha kitoto kinalia njaa. Mawingu ana maziwa, hana mwana. Kitoto kina njaa, hakina mama.

Asiyefuga atasema, si umpe tu anyonye? Jaribu uone! Kondoo humjua mwanawe kwa harufu, na wa mwenzake humtwanga kichwa mpaka amvunje mbavu.

Watu wa kule walikuwa na dawa ya jambo hilo. Walikuwa wakimchuna aliyekufa, na ngozi yake wakimvisha yatima. Mama akinusa, ananusa mwanawe.

"Lakini nisikilize, mwanangu," Bi Nangasu alimwambia Nakijwa. "Kondoo havishwi ngozi nje. Huvishwa ndani, mlango umefungwa. Msitu una macho. Tena umvue mapema, maana ngozi mbichi ikikauka hukaza, itamnyonga."

"Nimesikia, mama."

Kusikia alisikia. Kushika ndiko hakushika.

Alimkuta Mawingu kandokando ya msitu, amesimama juu ya maiti ya mwanawe, hataki kuondoka. Wingu zito linakuja. Kitoto yatima kinalia mikononi mwake, sauti imekwisha. Nakijwa akatazama huku, akatazama huku.

"Nani ataona?" akasema.

Akachuna pale pale. Akamvisha yatima pale pale. Akafunga chini ya tumbo kwa kamba ya mgomba, fundo lake mwenyewe la mizunguko mitatu. Mawingu akanusa, akapiga kwato. Akanusa, akapiga kwato. Akanusa mara ya tatu, akaachia kiwele, na kitoto kikanyonya huku mkia wake ukitikisika. Nakijwa akacheka kwa furaha.

Nyuma ya mti, zimwi nalo likacheka.

Zimwi hilo lilikuwa na kinywa kipana kama mlango wa zizi. Miaka nenda miaka rudi lilitamani watu wa nyumba ile, ila kago lililizuia. Sasa likasema: "Kumbe! Kumbe! Kumbe! Kwao wao ngozi ndiyo mwenyewe!" Likaondoka mbio, lisingoje kuona la zaidi.

Basi kesho yake ukungu ukashuka. Mawingu akaenda kijitoni kunywa maji, na zimwi likamkamata hapo. Likamla nyama, likamla mifupa, likabakiza ngozi. Kisha likajikunja, likajikunja, likajikunja, mpaka likaenea ndani ya ngozi ya Mawingu. Likafunga chini ya tumbo kwa kamba ya mgomba, mizunguko mitatu, kama lilivyoona.

Jioni kondoo wakarudi, mvua ikiwafuata nyuma. Wakaingia mmoja mmoja. Mawingu alikuwa wa mwisho. Akasimama nje ya kizingiti, hasongi mbele.

"Una nini wewe leo?" akasema Nakijwa, na kwa kinywa chake mwenyewe akaimba:

*Mawingu, Mawingu, njoo nyumbani,*
*mvua yanyesha, njoo motoni.*

Mawingu akavuka kizingiti. Nakijwa akafunga mlango.

Mbonea akapenya uzio kama kawaida yake, akaenda kuegemea ubavu wa Mawingu. Na Mawingu akanyoosha mguu, akauweka juu ya mtoto, taratibu.

Zimwi likasema moyoni: "Moto ukizima, naanza na mdogo, nafuata mama, namalizia bibi."

Maana zimwi halili penye mwanga wa moto. Hilo kila mtoto wa mlimani alilijua, na zimwi lilijua zaidi.

Kitoto yatima, nacho bado kimevaa ngozi ya kuazima, kikamkimbilia Mawingu kinyonye. Kikanusa, kikarudi nyuma. Nakijwa akakisukuma. Kikanusa, kikarudi nyuma. Akakisukuma tena. Kikanusa, kikakimbilia mafigani, kikasimama hapo kinatetemeka.

"Labda chuchu zinamuuma," akasema Nakijwa. Akaingia nyuma ya uzio kwa kondoo, akainama, akashika kiwele. Kilikuwa baridi, kimenywea kama mfuko mtupu. Akapapasa mbele kidogo, tumboni, atafute uvimbe.

Vidole vyake vikagusa fundo.

Kamba ya mgomba. Mzunguko wa kwanza. Mzunguko wa pili. Mzunguko wa tatu.

Watoto, Mawingu yeye hakuwahi kufungwa kamba hiyo. Nakijwa alitaka kupiga yowe, akajizuia, kwa sababu mwanawe alikuwa chini ya mguu ule. Akaondoa mkono polepole, kama mtu aliyemaliza kazi yake.

"Mbonea," akaita, "njoo kwa mama."

Mguu ukakaza.

"Mbonea, njoo unywe uji."

Mguu ukakaza zaidi, mtoto akaguna.

"Mbonea..." Safari hii hakumaliza. Alirudi mafigani, akatia kuni mbili motoni. Ndicho kitu pekee alichokijua: moto usizime. Lakini kuni za uchagani, juu ya mafiga, zilikuwa chache, na za nje zilikuwa zinalowa mvua. Zitakwisha. Zikiisha, je?

"Kuni zote hizo za nini?" Bi Nangasu akafoka kutoka kwenye kigoda chake. "Unapika ng'ombe mzima?"

"Baridi, mama."

Hapo kitoto kikakohoa. Kilikuwa kimesimama karibu na moto mno, na ile ngozi juu yake imeanza kukauka. Imekibana kifua. Kinavuta pumzi kwa shida, ulimi nje. Nakijwa akanyoosha mkono achukue kisu akate kamba yake.

Mkono ukabaki hewani.

Ngozi mbichi ikikauka hukaza.

Akageuka taratibu, akamtazama Mawingu. Macho ya Mawingu yalikuwa yanautazama mkono wake. Zimwi liliona kuvisha. Kuvua halikuona. Akikivua kitoto sasa, litajua, na likijua litaikata ngozi yake kabla haijakauka. Na mguu uko juu ya Mbonea.

Basi Nakijwa akakiacha kisu. Moyo ulimuuma, lakini alikiacha. Akachukua kuni zote za uchagani, akazitia motoni.

Zimwi likasema moyoni: "Si kitu. Moto ukizima, naanza na mdogo, nafuata mama, namalizia bibi."

Kuni zikawaka, zikapungua. Nyumba ikawa tanuri. Kondoo wakahema. Kitoto kikapiga magoti.

"Mama," akasema Nakijwa, "naomba kigoda chako nikichome."

"Una wazimu!" Bi Nangasu akaruka. "Kigoda alichonichongea marehemu mume wangu? Mwanangu atakaporudi nitamwambia mkewe amerukwa na akili!"

Nakijwa akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake. Machozi yalikuwa yanamtoka, na sauti aliishusha iwe ya kawaida, kama anasimulia habari za shambani.

"Mama, nisamehe. Ile ngozi ya jana niliivisha nje."

  Bi Nangasu akatazama nyuma ya uzio. Akauona mguu juu ya mjukuu wake, akauona ule mkia wa mafuta unaning'inia mtupu. Kisha akainuka, akakibeba kigoda mwenyewe, akakiweka motoni.

"Kweli baridi ya leo imezidi," akasema. "Lete na kitanda, mwanangu."

Wakavunja kitanda. Mguu wa kwanza, motoni. Mguu wa pili, motoni. Ubao wa kichwani, motoni. Ulimi wa moto ukafika darini, na wanawake wale wawili wakasimama jasho likiwachuruzika.

Zimwi likasema moyoni: "Moto ukizima..." Halikumaliza. Shingo ilikuwa inalibana.

Likajinyoosha kidogo. Ngozi ikakaza. Likajinyoosha tena. Ngozi ikalia, krr. Likajaribu kufungua kinywa kile kipana kama mlango wa zizi, na ngozi ya uso ikakishika, kikafunguka kiasi cha kupita punje ya mahindi. Miguu ikavutwa, ikakunjwa chini ya tumbo. Na ule uliokuwa juu ya mtoto nao ukavutwa, ukakunjwa.

Nakijwa aliruka uzio bila kujua ameruka. Akamnyakua Mbonea, akamtupa mikononi mwa bibi yake. Kisha akashika kisu, akaangukia kitoto pale mafigani, akakata kamba, akachana ngozi kutoka shingoni hadi mkiani. Kitoto kililala kimya. Akakipulizia puani. Kimya. Akakisugua kifua kwa viganja vyote viwili, analia, anasema, "Usife, usife, usife." Kikapiga chafya.

"Kumbe huvuliwa!" zimwi likasema kupitia tundu la kinywa. "Nivue na mimi! Nitakupa ng'ombe!"

"Ninaye mmoja, na mkaidi tosha."

"Nivue! Nitakupa dhahabu iliyo chini ya msitu!"

"Kondoo hawali dhahabu."

Zimwi likabadili mbinu. Kisha likalia, me-e-e, kwa sauti ya Mawingu, ile ile hasa, na kitoto kikainua masikio. Nakijwa akafunika uso kwa mikono. Alikuwa amempenda kondoo yule, na ni yeye mwenyewe aliyemponza.

"Nivue," likasema zimwi. "Mimi ndimi Mawingu wako."

"Mawingu umemla," akasema Nakijwa. "Ulichungulia nikivisha, ukakimbia. Ungengoja kidogo, ungeona na kuvua."

Akataka kuliburuta alitupe nje. Bi Nangasu akamshika mkono. "Nje kuna mvua! Ngozi ikilowa italegea. Umesahau tena?"

Hakusahau tena. Waliligusa baada ya mvua kukatika na jua kutoka, na wakati huo lilikuwa gumu kama ngoma, wala halina pumzi. Wakalisukuma hadi ukingoni, likabingirika bondeni, du, du, du, na msitu ukanyamaza.

Mume wa Nakijwa aliporudi na magadi alikuta hakuna kigoda, hakuna kitanda, hakuna Mawingu. Bi Nangasu hakumwambia kwamba mkewe amerukwa na akili. Alimwambia, "Kachonge kitanda, na anza na kigoda changu."

Na kile kitoto? Nakijwa alitafuta jike mwingine wa kukinyonyesha, lakini safari hii hakukuwa na ngozi ya kukivisha. Akakinywesha maziwa ya ng'ombe kwa kibuyu, kikilala magotini pake pamoja na Mbonea. Kikakua, kikawa kondoo mzima, naye alimfuata Nakijwa kila alikokwenda, ananusa kiganja chake. Hakuvishwa tena ngozi ya mwingine, ila mama yake, Nakijwa, alimjua.

Tangu siku hiyo, watu wa mlima ule wakitaka kumvisha yatima ngozi, kwanza wanafunga mlango. Na Nakijwa hakumpa tena kondoo jina la Mawingu, ingawa jioni za mvua, akidhani hakuna anayemsikia, aliuimba ule wimbo. Ila aliuimba ndani, mlango umefungwa.

Hadithi yangu imeishia hapo, kizingitini kwa Nakijwa. Anayetaka iendelee na alete kuni zake.

Funzo lake ni hili: ulilofundishwa na wakubwa lifanye kama ulivyofundishwa, na usivae usichojua kukivua.