Kikombe Kisichowekwa Chini

Alikuwako, enzi ambazo hata majini walibisha hodi kabla ya kuingia, Sultani aitwaye Ghayurani bin Tamimu, aliyetawala mji wa Zumaridi wenye minara tisa na bustani zisizonyauka, na katika jumba lake alikuwamo mdarizi mmoja, jina lake Mshamu, aliyejua kuutembeza uzi wa dhahabu juu ya hariri hata mtu akataka kuyanusa maua ya joho.

Mshamu hakuzaliwa Zumaridi. Alikuja kuuza kofia alizozidarizi mwenyewe, na kwao Mkunguni alikuwa ameahidi kurudi kabla ya mvua, lakini Sultani aliziona zile kofia, na aliyeonwa na Sultani hana tena mvua yake wala kiangazi chake.

Hata hivyo Sultani alikuwa karimu. Kila mwaka, joho la Idi likiisha, Mshamu alipewa siku moja iliyo yake, tangu alfajiri hadi magharibi, na jini Dahmari, mtumwa wa pete ya yakuti, aliamriwa kumpeleka popote atakapo na kumrudisha jua litakapotua. Basi Dahmari hushuka na kusema, "Nena hima, wataka nini?" na Mshamu, kwa kuchelea siku isimponyoke, hutaja la kwanza lililomjia ulimini. Mwaka wa kwanza alitaja mashindano ya farasi. Mwaka wa pili, bustani ya tausi wasemao, na tausi wenyewe, niwaambie kweli, hawakuwa na la maana la kusema. Ikaendelea hivyo miaka sita, na kila magharibi alirudi amechoka, na kifua kizito, kama mtu aliyekula karamu nzima na njaa yake iko pale pale.

Mwaka wa saba Sultani alimwita barazani, akamwambia, "Ewe Mshamu, tumeridhika na mikono yako, na baada ya kesho utakuwa mkuu wa wadarizi wetu. Nawe wajua kuwa mkuu hana siku yake, kwani jumba halimwachi. Kesho basi ndiyo siku yako ya mwisho. Itumie vyema."

"Amri ya maulana i juu ya kichwa changu," akasema Mshamu, akatoka nyuma nyuma kwa adabu.

Alfajiri alikuwa ameketi mlangoni na kahawa yake chungu, na Dahmari akashuka. "Nena hima, wataka nini?"

Mshamu alikwisha fumbua kinywa aseme kisiwa cha marijani, ambacho hata hakukitaka, mara akakiona kikombe mkononi mwake na akaikumbuka sheria iliyochorwa kwenye pete na masultani wa kale, waliokuwa watu wa kahawa: *maadamu kikombe hakijawekwa chini, mgeni haulizwi haja yake wala haondolewi barazani*.

"Bado nakunywa," akasema.

"Kikombe chenyewe hakijai hata kiganja. Wanywa bahari?"

"Naam, kidogo kidogo. Pete yako yasemaje, bwana?"

Dahmari akanuna, akaketi kizingitini na moshi wake, na Mshamu kwa mara ya kwanza baada ya miaka saba akafikiri kabla ya kujibu. Alijiuliza ni kitu gani kilichombakia katika siku zile sita. Hakuwakumbuka farasi. Alimkumbuka mwanamke mmoja ukingoni mwa uwanja, akisuka ukili wa mkeka asiutazame mkono wake. Katika bustani ya tausi alikuwa amesimama nyuma ya ua wa nyumba moja, akisikiliza watu wake wakicheka. Kumbe miaka yote alikuwa akiizunguka baraza moja ya Mkunguni bila kuigusa, kwa hofu ya kuikuta tupu. Alimtamani Mwanakombo, yule aliyemwahidi kurudi kabla ya mvua, na alipolitaja jina hilo moyoni machozi yalimtiririka, na jini akageuza uso, maana hata majini wana haya.

Mshamu akaweka kikombe chini. "Nipeleke Mkunguni, kwenye baraza ya Mzee Athumani msuka mikeka. Nikakae."

"Mimi niliyebeba makasri, leo nibebe mtu akakae?"

"Akakae tu."

Mwanakombo binti Athumani alikuwa barazani, ukili mapajani. Alimtazama, akasema, "Karibu, Mshamu. Umekonda." Akamtilia kahawa, na Mshamu akamsimulia yote, habari ya joho na ya jini na ya sheria ya kikombe, wala hakuficha zile siku sita.

"Kila mwaka ulikuwa na siku," akasema Mwanakombo polepole, "na hukuja?"

"Niliulizwa upesi, nikajibu upesi."

"Mikeka ya maharusi wa mji huu yote nimeisuka mimi, Mshamu. Yote isipokuwa wangu."

Mshamu akasema, "Sistahili, lakini naomba. Niridhie nikuoe."

Mwanakombo akajitilia kahawa, akakishika kikombe. "Usinihimize," akasema. "Nami nifikiri."

Adhuhuri ikapita, alasiri ikapita, na kikombe kilikuwa mkononi. Jua lilipotua Dahmari alishuka kumchukua mtu wake, akakiona kile kikombe, sheria ya pete ikamzuia, akarudi mikono mitupu. Ikawa hivyo siku tatu. Mwanakombo alipika kwa mkono mmoja, akafagia kwa mkono mmoja, akalala ameegemea nguzo ya baraza na kikombe hakikumwagika, na Mzee Athumani akauliza kama binti yake amerogwa.

"Kufikiri gani huku?" Mshamu akamnong'oneza siku ya tatu.

"Jibu ninalo tangu asubuhi ile uliyokuja," akasema Mwanakombo. "Ila nikikiweka chini, watakuchukua."

Dahmari aliyasikia maneno hayo, akayafikisha kwa Sultani kama yalivyo. Sultani Ghayurani, ambaye katika miaka thelathini ya enzi hakuwa na siku moja iliyo yake, aliagiza kahawa, akakishika kikombe hadi kikapoa, na mawaziri wakasubiri. Alipokiweka chini alisema, "Joho hudariziwa popote penye mwanga. Mkuu wa wadarizi na akae Mkunguni, na hariri imfuate huko pamoja na kasha la dhahabu. Na kila fundi wa jumba hili awe na siku yake, wala asiulizwe kabla hajamaliza kahawa."

Dahmari akaileta amri barazani. Mwanakombo akainywa ile kahawa ya siku tatu, baridi na chungu, akaweka kikombe chini, akasema, "Nimeridhia." Na mkeka wa harusi ile, Mshamu ndiye aliyeutia nakshi.

Hekaya yangu imefika mlangoni, mwenye kuifungulia na afungue. Ukipewa siku, ewe msikilizaji, usiikimbilie. Shika kikombe chako kwanza, uuulize moyo una njaa ya nini, kwani upo mkeka unaowangoja wenye haraka, nao hawajui.