Feni Iliyopuliza Kinyume

Mhunzi akivunjikiwa na koleo, hazimi moto akarudi nyumbani kulia. Huunda koleo jingine kwa moto uleule. Neno hili ni rahisi kulisema. Ugumu wake huonekana siku koleo linapovunjika.

Spana, kama majirani walivyombandika jina, alikuwa fundi wa umeme wa magari. Marehemu baba yake aliacha gari la zamani lenye kiyoyozi kilichotoa baridi kweli kweli. Kasoro yake ilikuwa feni ya rejeta, kifaa kinachopoza maji ya injini. Ilizungushwa na mkanda wa injini, hivyo gari lilipokwama kwenye foleni, nayo ilizunguka kivivu kama mtu aliyelazimishwa kazi. Ukiwasha kiyoyozi hapo, maji yalichemka.

Na bila kiyoyozi, mama yake Spana hakuweza kusafiri. Moyo wake ulikuwa mgonjwa, na daktari alikuwa amemkataza joto. Kitinda mimba wake alikuwa amejifungua upande wa pili wa mji, naye mama alikuwa na hamu isiyo kifani ya kumwona mtoto. Teksi hakutaka hata kuzisikia.

"Nitakwenda kwa gari la baba yenu," alisema, "au nitamngoja mjukuu wangu aje kwa miguu yake."

Spana akajifunga kibwebwe. Aliing'oa feni ya zamani, akafunga mbili za umeme nyuma ya rejeta, akaziunganisha ziwake zenyewe kila kiyoyozi kinapowashwa. Kaka yake alimtazama, mikono kiunoni.

"Dada, gari hili ni rika langu. Liache likapumzike."

"Mbona wewe hujapumzishwa?"

Walitoka wawili kulijaribu. Foleni ya kwanza tu, sindano ya kipimo cha joto ikapanda na mvuke ukafuka. Walilisukuma hadi nyumbani, majirani wakishuhudia. Mama, aliyekuwa ameshavaa na kukaa mlangoni, alivua viatu taratibu. Hilo lilimchoma Spana kuliko maneno yote ya kaka yake.

"Kesho namleta mnunuzi wa vyuma chakavu," kaka akasema.

"Mlete. Atakuta tumekwenda kumwona mtoto."

Asubuhi aliwasha feni, akasogeza leso mbele ya rejeta. Upande mmoja ilivutwa ikanata kama kupe. Upande wa pili ilipeperushwa ikamgonga usoni. Kumbe katika pupa yake alizipishanisha nyaya za feni moja, ikawa moja inavuta hewa, nyingine inaisukuma nje!

"Fundi mzima mimi!" alicheka kwa hasira, akazigeuza. Safari hii hakuamini haraka. Aliliacha gari likinguruma juani, kiyoyozi kikiwaka, mpaka akaridhika kwamba sindano haipandi. Kisha akaenda kumvalisha mama viatu.

Foleni ilikuwa ndefu, na jua halikuwa na huruma. Spana aliikazia macho sindano, haikutikisika. Kaka, kiti cha nyuma, alinyoosha shingo kuichungulia.

"Mwanangu," mama akasema, "punguza baridi. Utanigandisha kabla sijampakata mjukuu wangu."

Spana alipunguza, machozi yakimlengalenga kwa furaha. Walipofika, mama alimpokea mtoto, akamkumbatia, hakutaka kumwachilia. Kaka alimgeukia dada yake, akampa mkono.

"Nimekubali, fundi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."