Jina la Mtoto wa Zamda

Sogeeni, na mwenye chungu jikoni akaepue kwanza, maana hii sirudii. Wala msiseme nimesema mimi.

Zamda ana wifi watatu. Mwajabu hachoki. Siwatu mdaku, hakuna chumba cha mtu asichokijua. Kibena mkimya, lakini jicho lake haliachi hata nukta.

Siku ya kuwasilisha kazi ya chuo, uchungu ukamshika Zamda. Alikuwa ametunga programu ya kuwakumbusha kina mama siku za chanjo. Mwalimu alitaka aione ikifanya kazi kwenye mifumo miwili ya kompyuta, Windows na Linux, kabla ya saa kumi. La sivyo, Zamda arudie mwaka. Na kompyuta yake ilikuwa imetoka kwa fundi juzi, tupu, haina hata kompaila, yaani ule mtambo unaogeuza maandishi ya mtu yawe programu, kama kinu na mahindi.

Mlangoni mwa leba akasema, "Wifi zangu, atakayeniokoa, binti yangu ataitwa jina lake."

Mwajabu akapanda kilima mara tatu kutafuta mtandao. Akaipata kompaila, akaiweka. Kuiita, kompyuta ikajibu: simjui huyo.

Siwatu akacheka. "Dada, umelaza mgeni bila kumwambia mwenye nyumba yuko chumba gani!" Akapekua hadi akaiona folda ilimolala, akaiandikia Windows njia ya kufika pale. Akaita. Kimya. Akafunga lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akalifungua upya, akaita tena. Labeka! Programu ikapatikana.

Mbio kwa mwalimu. Kwenye Windows ikapita. Linux ikaikataa: kilichopikwa kule hakiliwi huku. Kibena akaigeuza upya papo hapo kwa kompaila ya Linux yenyewe, akaiita. Linux ikajibu: haipo.

"Haipo vipi, nami naiona?" Siwatu akafoka.

"Linux ndivyo ilivyo, dada," Kibena akamjibu. " Kitu kiko miguuni pake, haikioni mpaka uiambie kiko humu humu." Akatia nukta na mkwaju, kile kistari cha kulala upande, mbele ya jina la programu. Ikaanza kazi, saa kumi kasoro dakika mbili.

Wanawake hao! Ningewatandikia kanga wapite juu yake.

Zamda kafaulu, kajifungua binti, mzima. Leo siku ya saba, nywele zimenyolewa, mbuzi kachinjwa. Shehe kauliza jina.

"Bila mimi mngeita nini?" kasema Mwajabu.

"Uliileta bubu!" kamrukia Siwatu.

Kibena je? Mtoto kashambeba yeye.

Haya, shehe anangoja. Ungekuwa wewe, ungemnong'oneza jina la nani?