Mguu Mmoja wa Mshikataa

Wahenga walisema, lisemwalo lipo, na kama halipo, laja. Maana yake ni kwamba neno linalozunguka vinywani mwa watu halikuzaliwa na upepo. Lina mama yake mahali fulani, na asipoonekana leo ataonekana kesho. Wengi wetu methali hii tunaitumia kwa umbeya, jirani akisemwa vibaya. Lakini jioni moja ilisimama yenyewe mbele ya darasa la watu wazima, na waliokuwamo hadi leo wakikumbuka hushika vifua.

Katika mji mmoja uliopakana na mto aliishi mwanamke aliyepiga pasi katika duka la dobi. Alizaliwa na mguu wa kushoto mfupi kuliko wa kulia. Alipokuwa kazini alisimama kwa mguu wa kulia peke yake, wa kushoto ukining'inia, kama korongo kinamasini. Wenzake wakambandika jina hilo, Korongo, naye hakununa. "Korongo ni kiumbe wa Mungu," alisema, "tena ana bahati, hajui pasi ni nini." Mama yake tu ndiye hakulitamka jina hilo hata siku moja. Kila binti aliponunua viatu, mama alikichukua kile cha kushoto, akakiongezea soli ya pili kwa mkono wake, kimya kimya.

Korongo alikuwa mcha Mungu. Kila alfajiri, kabla ya kuwasha pasi, alipanda kilimani kwenye nyumba ya sala iliyojengwa na watu walionusurika mafuriko makubwa ya zamani. Walisimulia kwamba mto ulipofurika usiku, mtakatifu aliyeitwa Mshikataa alisimama majini na taa, watu wakaufuata mwanga wake hadi nchi kavu. Ukutani walikuwa wamemchora: mzee mrefu, kanzu nyeupe, ndevu hadi kifuani. Na kila sala ilifunguliwa kwa wimbo wake:

Mshikataa, ulisimama,
ulisimama kwa mguu mmoja,
maji yalipanda, hukutikisika,
ukatuvusha.

Wimbo huo ndio uliomtoa Korongo kitandani siku za baridi na siku za msiba. Mama yake naye alihudhuria, ila wimbo ulipoanza aliinamisha kichwa na midomo yake haikucheza. "Koo langu bovu," alisema akiulizwa.

Shule Korongo aliiacha akiwa mdogo. Sasa, mvi zikiwa zimeanza kuchungulia, alijiunga na darasa la jioni, na kiu yake ya kusoma ilikuwa kama ya mchanga kwa mvua. Siku moja mwalimu alitangaza mdahalo. Hoja ilikuwa hii: Mshikataa alikuwa mtu wa kweli. Vikaratasi vikatiwa ndani ya kofia. Kinyozi wa mtaani, ambaye sala aliijua siku za mazishi tu, akaokota "kuunga mkono." Korongo akaokota "kupinga."

"Mwalimu, tubadilishane!" alilalamika kinyozi. "Mimi na huyu dada ni kama kuku na bata, umetutupa kila mmoja asipopajua."

"Ndiyo shule hiyo, shemeji," mwalimu akacheka. "Ukitetea unachokiamini tu, utajifunza nini?"

Korongo hakucheka. Alirudi nyumbani, akamkuta mama yake akikunja nguo.

"Mama, nimeangukia upande wa kumpinga Mshikataa."

Mikono ya mama ilisita juu ya shuka. "Utasema nini?"

"Sijui bado."

"Haya. Nitakuja kukusikiliza," alisema mama, akaendelea kukunja.

Kabla ya kulala Korongo alipiga magoti. "Ee Mungu wangu, nikishindwa nitaaibika mbele za watu. Lakini nikishinda, kesho nitaimba nini?"

Jibu lilikuja kwa njia asiyoitazamia. Wiki hiyo mwalimu alifundisha ngeli. Aliandika ubaoni: mtu alisimama, mti ulisimama. Kesho yake, akinyoosha ukosi wa shati, Korongo alikuwa akiimba chini chini, "Mshikataa, ulisimama…" Akakatiza wimbo. Ulisimama! Si alisimama. Ulisimama, kama mti! Alibaki ameduwaa, mdomo wazi, mpaka moshi ulipopanda na mwenye duka akapiga kelele, "We Korongo! Unapiga pasi au unachoma mishikaki?"

Shati liliungua. Moyo wake nao ulikuwa umeungua, ila huo hakuna aliyeusikia harufu.

Jioni ya mdahalo darasa lilijaa hadi madirishani. Mama alikaa mstari wa tatu. Mbele kabisa aliketi mzee wa sala, ambaye mafuriko yalimkuta akiwa kijana. Kinyozi ndiye aliyeanza.

"Ndugu zangu, mimi nanyoa mji huu wote, na kila kichwa kinachopita mikononi mwangu kinamtaja Mshikataa. Vichwa vyote hivyo viwe na wazimu mmoja? Lisemwalo lipo!"

Alipigiwa makofi. Korongo akasogea mbele, akaegemea meza.

"Kaka yangu kinyozi ameikata methali kama anavyokata nywele, akaacha nusu sakafuni," alianza, na watu wakaangua kicheko. "Lisemwalo lipo, na kama halipo, laja. Haya, tumengoja tangu mama zetu wakiwa watoto. Mbona haji? Sikilizeni wimbo wetu wenyewe. Mtu alisimama, mlingoti ulisimama. Sisi tunaimbaje? Mshikataa ulisimama! Huyo si mtu. Ni mlingoti, mti wa pale kivukoni mtoni uliotundikwa taa!"

Mwalimu alivua miwani. Mzee wa sala alifunua mdomo, akaufumba. Maneno ya Korongo yalikwisha kuwa maji ya mteremko.

"Na kama bado mnabisha, wimbo unasema 'ulisimama kwa mguu mmoja'. Mlingoti una mguu mmoja, nakubali. Lakini nionyesheni binadamu, mmoja tu, anayesimama kwa mguu mmoja mbele za watu!"

Vicheko vililipuka. Kinyozi akainua mikono kukubali yaishe. Ndipo mama yake Korongo aliposimama.

"Wewe," alisema.

Kicheko kilikatika kama uzi.

"Wewe, mwanangu. Jitazame."

Korongo alitazama chini. Alikuwa amesimama kwa mguu wa kulia. Wa kushoto ulikuwa ukining'inia hewani, kama siku zote.

"Na hiyo *u* si ya mlingoti," mama akaendelea. "Ni *u* ya *wewe*. Nilikuwa nasema naye. Alikuwa dada yangu."

Akaunyoshea kidole mguu mfupi wa Korongo.

"Mguu wake ulikuwa kama wako, mmoja mfupi. Alinivusha mimi kwanza, kisha akarudi na taa ya mafuta, akasimama kwenye tuta la kivuko ili watu waone pa kukanyaga. Walimpita karibu kabisa. Lakini mtu anayekimbia maji huitazama taa, hamtazami aliyeishika. Mimi nilikuwa ng'ambo namwita, 'Dada, umesimama?' Anajibu, 'Nimesimama!' Naita tena, anajibu. Maji yakazidi. Ule mguu mfupi haukufika chini, akabaki na mmoja. Nikaita tena. Taa ndiyo iliyonijibu. Ilizimika."

Mama akawageukia waliojaa madirishani.

"Nililia siku nyingi nikimwimbia: dada, ulisimama, ulisimama kwa mguu mmoja. Wanawake wakaipenda sauti ile. Neno *dada* likaondolewa, wakaona halina heshima ya sala, wakaweka *Mshikataa*. Niliposema ni dada yangu, msichana muuza mkaa, walisema mtoto amechanganyikiwa. Kisha wakamchora mzee mwenye ndevu."

"Mama, miaka yote hii, kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unaupanda mlima ule kwa furaha, mwanangu. Ningekwambia nini? Mimi kila walipoimba nilimtafuta dada yangu mle ndani, nisimwone."

Mara ukasikika mshindo. Bakora ya mzee wa sala ilikuwa imeanguka. "Niliisikia," alisema. "Sauti ya mtoto ikiita, na sauti ya msichana ikijibu, 'Nimesimama.' Nikadhani ni malaika. Zile ndevu… ni mimi niliyeagiza zichorwe."

Mwalimu alikuwa amesimama ubaoni, chaki mkononi. "Hukutikisika," alinong'ona. "Mstari wa tatu. Ingekuwa mlingoti, wangeimba *hau*kutikisika. Nimeuimba tangu utotoni na ngeli ninafundisha mimi!"

Kinyozi hakudai ushindi. Alivua kofia, akaishika kifuani. Korongo alishuka kutoka mbele akichechemea hadi mstari wa tatu, akapiga magoti, akaweka kichwa mapajani mwa mama yake. Alikuwa ametumia akili yake yote kumfanya mama yake mkubwa kuwa kipande cha mti.

Alfajiri iliyofuata walipanda kilima pamoja, wameshikana mikono. Ukutani mzee mwenye ndevu alikuwa bado palepale, ila mtu alikwisha kuegemeza ngazi na kopo la rangi kando yake. Wimbo ulipoanza, Korongo alishindwa kutoa sauti. Aliyeimba alikuwa mama. Koo lile bovu lilifunguka, likaimba neno moja tofauti na wengine wote: "Dada, ulisimama…" Mstari wa pili, nyumba nzima ilikuwa ikimfuata, na Korongo, machozi yakimtiririka, alisimama kwa mguu mmoja bila kuuficha ule mwingine.

Walingoja miaka mingi, na aliyesemwa akaja, si kwa kanzu wala ndevu, bali kwa kinywa cha mdogo wake. Kweli, lisemwalo lipo, na kama halipo, laja.