Nyati na Majani Makali ya Mgunga

Hapo zamani za kale, wanangu, nyati walipokuwa na nyumba zenye milango, mvua ilinyesha na kunde mwitu zikachipua bondeni, laini, teketeke.

Nyati akazila asubuhi nzima. Akala, akala! Tumbo likavimba upande wa kushoto, likawa ndi! kama ngoma.

Akarudi nyumbani akihema, hee, hee, hee. Mkewe, Bi Staajabu, akapiga yowe, maana masika yaliyopita kaka yake alikufa kwa ugonjwa huo huo.

"Jirani wee! Mume wangu anakwisha!"

Jirani yao alikuwa Digidigi, mdogo, hafiki hata goti la Nyati. Akaja mbio, tipu tipu tipu.

"Shemeji, tafuna majani ya mgunga. Ukakasi wake hukata povu lililokujaa tumboni."

"Mgunga? Chakula cha mbuzi! Mimi, mwenye pembe hizi? Toka!"

Digidigi akatoka. Punde akarudi na matawi mdomoni, akayaweka mlangoni, akasema kwa sauti:

"Dada, nitunzie haya. Ni ya Kifaru, ndiyo yanayompa nguvu. Lakini shemeji asiyaguse! Hayawezi. Haya yanataka dume hasa."

"Nani hayawezi?" Nyati akanguruma, akayavamia.

Kwacha, kwacha, kwacha! Ulimi ukakauka. Midomo ikajikunja kama ya mtu aliyetafuna ndizi mbichi. Machozi yakamtoka, lakini kwa kuona haya akameza yote.

Wakangoja. Bi Staajabu alikuwa amemshika pembe.

Mara Nyati akabeua, beeeuuu! Vumbi likatimka mlangoni. Beeeuuu! Tumbo likaanza kunywea, na pumzi ikarudi.

"Alaa! Niletee mengine!"

"Yatosha, shemeji. Yakizidi hukamata chakula tumboni kisiingie mwilini; utakula na bado utakonda."

Nyati akamkazia macho. "Hayakuwa ya Kifaru."

"Hayakuwa. Nimekudanganya, unisamehe. Nilimwonea huruma dada."

Nyati, na ukubwa wake wote, akapiga magoti mpaka macho yao yakawa sawasawa.

"Ahsante, jirani. Nilikufukuza mlangoni kwangu, nawe ukarudi. Ahsante sana."

Bi Staajabu akamlamba Digidigi kichwani, akamlamba tena, hadi manyoya yakalala chepechepe.

Basi, wanangu, anayekuletea uzima mpokee vizuri, hata kama hafiki goti lako.