Michi Miwili ya Uani kwa Mama

"Kinu kimoja, michi miwili: mmoja ukishuka, mwingine hupanda." Mmemsikia mwenyekiti akiwaambia hivyo wale ndugu wanaogombea shamba, na sasa mnaniuliza aliitoa wapi. Basi kaeni, mmefika kwa mwenyewe. Methali hii ilizaliwa uani kwa mama yangu, nami nilikuwapo, ungo mkononi.

Kaka yangu Semhando aliachana na mkewe Mwanamvua wakati binti yao Siwema alikuwa na miaka kumi. Kaka akahamia Korogwe, wifi akabaki hapa kijijini na mtoto. Tangu siku hiyo hawakupeana hata salamu. Neno la huyu kwenda kwa yule lilibebwa na Siwema. "Mwambie baba yako." "Mwambie mama yako." Hata wakiwa ua mmoja, hatua nne kati yao, mtoto alisimama katikati akirudia kila neno. Nasi tulizoea kutazama, Mungu atusamehe.

Siwema akafaulu darasa la saba. Baba akamtafutia nafasi katika shule ya bweni mjini Korogwe, mama akapeleka jina lake shule ya hapa jirani. Baba akashona sketi ya kijani, mama akashona ya buluu. Cheti cha kuzaliwa alikuwa nacho baba, barua ya matokeo alikuwa nayo mama, na kila mmoja aliatamia karatasi yake kama kuku. Shule zote mbili zilitaka karatasi zote mbili. Wenzake wakaanza masomo, yeye akawa anachunga mbuzi wa bibi yake. Tukaambiwa Ijumaa ikipita, nafasi zote mbili zitafungwa.

Alhamisi ilikuwa hitima ya marehemu baba yetu, kwa hiyo wote wawili walikuja. Siwema alikuwa uani akitwanga mahindi ya makande. Mwenzake wa kutwanga alikuwa amekwenda kisimani, mchi wake ukabaki umeegemea ukuta. Kaka akaingia, akasimama upande huu wa kinu.

"Siwema, mwambie mama yako atoe barua. Kesho naondoka nawe."

Wifi, upande wa pili, hakuinua macho. "Mwambie baba yako mtoto hatoki hapa."

Siwema aliendelea kutwanga.

"Mwambie!" wakasema wote kwa pamoja.

Mtoto akasimamisha mchi. Alikuwa na miaka kumi na minne, mwembamba, jasho linamtiririka. Akampa mama yake mchi ule, akauchukua wa ukutani akampa baba yake.

"Mikono yangu imechoka, na mdomo wangu umechoka," alisema. "Bibi anataka mahindi haya kabla ya adhuhuri." Akaenda kukaa kizingitini.

Sikuwahi kumsikia mtoto akisema hivyo mbele ya wakubwa, na hakuna aliyethubutu kumkemea. Mama yangu alikuwa jikoni, akatoa kichwa tu. "Mmesikia," alisema.

Sasa, kaka alijua kutwanga. Kwetu walizaliwa wavulana watano ndipo nikaja mimi, kwa hiyo mama aliwafundisha wote. Akainua. Wifi naye akainua kwa hasira, na michi ikagongana juu ya kinu, paa! Mahindi yakaruka, kuku wakakimbilia. Wakarudia, ikagongana tena. Wanawake waliokuwa wakichambua mchele wakaacha kuchambua.

"Subiri," akasema wifi.

Lilikuwa neno la kwanza kumwambia mumewe wa zamani kwa miaka minne.

"Haya, shusha," akajibu kaka.

Mchi wa wifi ukashuka, wa kaka ukapanda. Wa kaka ukashuka, wa wifi ukapanda. Wajukuu zangu, nywele zilinisimama. Watu wawili wanaochukiana, na kinu kinalia sawasawa kama siku ya harusi! Hapo huwezi kumkwepa mwenzio kwa macho. Usipouangalia mchi wake, unaumia. Na maneno yakaanza kufuata mapigo.

"Kwa nini mjini?" akauliza wifi.

"Shule ya hapa haina mwalimu wa sayansi. Yeye anataka uuguzi."

"Sikujua."

"Hakukwambia?"

"Alikuwa akibeba maneno yetu. Yake angeyaweka wapi?"

Kaka akakosa pigo moja, kisha akaendelea. "Na wewe, kwa nini hapa?"

"Ana pumu. Mwaka huu imembana mara tatu. Bwenini nani ataamka usiku kumhudumia?"

"Pumu?" Mchi wa kaka ukabaki juu. "Mwanangu ana pumu?"

Akauweka chini. Nilimwona kaka yangu, mtu mkavu yule, akifuta uso kwa kanzu ya hitima. Wifi naye akasimama, akageukia kizingitini.

"Siwema, wewe mwenyewe unataka nini?"

Mtoto akainuka kizingitini. "Hamjawahi kuniuliza," alisema, na machozi yakamtoka. "Nataka kusoma. Popote, lakini nataka kusoma."

Wakati huo nami nilikuwa naishi Korogwe, karibu na shule ile kuliko kaka. Nikasema alale kwangu, asikae bweni. Dawa zake nitazishika mimi. Kaka akamtazama wifi, wifi akaitikia. Kisha akaingia ndani, akatoka na barua ya matokeo, akampa kaka mkononi.

Mama yangu akatoka jikoni, akachungulia kinuni. Mahindi yalikuwa yamekobolewa meupe yote. Akatugeukia tuliokuwa tumeduwaa pale, akasema, "Kinu kimoja, michi miwili: mmoja ukishuka, mwingine hupanda."